Miti Kumi na Miwili Kutoka Langoni

Jumatatu, 15 Septemba
Mkuu wa shule, Mwalimu Polycarp, ametangaza: Jumamosi Kidato cha Tatu kitatembelea bustani ya mimea Dar es Salaam, na mwalimu atakayeongoza vizuri ndiye atakayekuwa mlezi wa Klabu ya Mazingira. Ulezi huo nimeutamani miaka sita. Nikasema bustani ile naifahamu tangu chuo kikuu. Si uongo kamili. Nilipita nje ya ukuta wake mara nyingi. Madam Odilia wa Kilimo akatabasamu, akasema basi raha, tuna mwenyeji. Sina hakika kama lilikuwa tabasamu la heri.

Jumatano, 17 Septemba
Mdogo wangu Pamela, anayeishi Dar, ameingia bustanini kwa niaba yangu na kunitumia orodha: miti kumi na miwili, kwa mpangilio, kuanzia langoni. Kazi safi! Nimeipanga uani, hapa kwetu Mjimwema, siku nzima ya basi kutoka Dar. Ndoo, mwanzoni, ni mkarafuu. Sufuria ni mdalasini. Kinu, mwisho kabisa, ni mfenesi. Natembea, nanyoosha mkono, nataja. Jirani yangu Mama Kunegunda akachungulia. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia, akauliza kama nahama au nauza vyombo. Nikasema ni utafiti. Akasema sawa mwanangu, utafiti ukiisha nimpe kinu, ana mahindi.

Ijumaa, 19 Septemba
Safarini. Kufika Makambako nimerudia orodha mara tisa bila kosa. Odilia amelala, mdomo wazi. Maandalizi ndiyo yanayotutofautisha. Au pengine ana usingizi tu.

Jumamosi, 20 Septemba
Basi liliegeshwa upande wa nyuma, tukaingia kwa lango la huko. Sikulitilia maanani, bustani ni ile ile. Niliamua kutaja kila mti kabla wanafunzi hawajasoma kibao chake. Wa kwanza: mkarafuu! Niliueleza kwa dakika nne, nimeupa mgongo. Tumsifu, msichana wa mstari wa mbele, akaomba samahani, akauliza kama karafuu zenyewe ndizo hizo juu ya kichwa changu.

Nikatazama juu. Mafenesi mawili, kila moja kama mtoto wa mwaka mmoja.

Nikasema kibao kimehamishwa. Mzee Leonce, mtunza bustani, akasema vibao anavipigilia mwenyewe. Na hata kibao kikihama, mwalimu, fenesi halihami. Vicheko! Mwalimu Polycarp akamwomba Odilia aendelee. Akaendelea kwa kusoma vibao, kimoja kimoja. Mtu yeyote angeweza.

Jumatatu, 22 Septemba
Odilia ametangazwa mlezi. Nimempongeza, kwa dhati ya wastani.

Nimetafakari, nikijihadhari na kujipendelea. Je, kosa lilikuwa kudai nisichokijua? Wazo hilo nimelipima kwa haki. Halina ushahidi wa kutosha. Kosa lilikuwa lango.

Saa nne Mwalimu Polycarp aliuliza nani anayafahamu mashamba ya viungo ya Zanzibar, kwa ziara ya mwakani. Nilinyoosha mkono kabla hajamaliza. Pamela nimekwisha kumwandikia apande boti. Safari hii ahesabu malango yote.