Jokofu la Damu Limewasili

Mheshimiwa Diwani, Katibu Tarafa, Mwenyekiti wa Kijiji na mama Mwenyekiti, viongozi wa dini, wajomba wote wa koo zote, kina mama, na nyinyi wananchi mliowekwa juani kwa sababu za kiutaratibu: kwa heshima na taadhima, natangaza rasmi mbele ya mlima huu kwamba jokofu limewasili. (Makofi. Lipo nyuma ya gari, jeupe, limefungwa kamba ya katani.)

Ndugu wananchi, jokofu si sanduku. Jokofu ni sera. Katika zama hizi za soko huria, ambapo hata afya lazima iwe na mchanganuo, mimi kama Mratibu, kwa ushirikiano wa karibu na mimi kama Mwenyekiti wa Kamati, nilibuni Programu Shirikishi ya Imyunoloji na Jenetiki ya Malaria, programu ambayo muhuri wake ulichongwa hata kabla ya wino kununuliwa. (Vigelegele, vichache.)

Mbu wa hapa Matombo anamng'ata mtoto huyu, mtoto anakufa. Anamng'ata yule, anaendelea kuruka kamba. Kwa nini? Jibu limo katika kinga ya mwili na katika chembe za urithi, yaani alichochukua mtoto kwa baba na kwa mama. Ndiyo maana mwezi Machi mtafiti wetu, Daktari Severin, alipanda hapa na sindano zake, tukaamuru kila mtoto aje na mama yake na mwanamume mwenye mtoto. Mlijitokeza asilimia mia na nne! Hakuna baba aliyekosekana!

(Sauti ya mwanamke: "Mheshimiwa, mababa hawakuja hata mmoja!")

Nani huyo? Simama mama, jitambulishe kiitifaki.

("Shikamoo. Naitwa Eufrazia. Aliyetolewa damu kwangu ni kaka yangu, Agustino. Hapa kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama; ukiuliza mwenye mtoto, anasimama mjomba. Baba yao, huyu Anselmi, siku hiyo alikuwa anakata ndizi. Nani alimwita?" Kicheko. Anselmi anainamisha kofia.)

Programu inawatambua wajomba. Tutawaingiza kama mababa wa kiutamaduni.

("Waingize utakako. Mimi nimezika wawili kwa homa. Angelina, wa tatu, haijamshika hata siku moja. Huyu mgongoni anachemka tangu jana. Daktari aliniahidi jibu: alichonacho Angelina, na huyu anacho?")

Swali zuri sana, la kisayansi, na ninaagiza liandikwe katika kumbukumbu. Jibu lake, mama, linasubiri majibu ya damu. Majibu yanasubiri maabara. Maabara inasubiri jokofu. Na jokofu, kwa juhudi zangu binafsi, si hilo hapo? (Mzee mmoja: "Linasubiri umeme!" Kicheko.) Nguzo zimo katika awamu ya pili.

Tusitoke kwenye mstari. Malaria! ("Itokomee!") Utafiti! ("Uendelee!") Jenetiki! (Watu wanatazamana.) Mtafundishwa kuitikia.

Namalizia kwa shukrani. Namshukuru mfadhili, ambaye mradi utaanza mara tu atakapojibu barua yetu ya kwanza. Namshukuru Daktari Severin, aliyetumia likizo yake na nauli yake kuja huku, na ambaye, katika zoezi la kupunguza wafanyakazi, orodha yenye jina lake niliisaini kwa kalamu hii hii. Damu zenu alizibeba vizuri mno mpaka barafu ilipoyeyuka, kisha zikamwagwa kwa kufuata taratibu zote.

Nimeletewa kikaratasi. Mama Eufrazia anaomba lifti hadi hospitali ya misheni, huko chini. Moyo wangu uko naye, ila gari, kama mnavyoona, limejaa.

(Sauti kutoka kwenye umati: "Shusheni friji, pakieni mtoto!" Makofi ya kwanza ya kweli leo.)

Ndugu wananchi, utulivu. Jokofu hili haliwezi kubaki hapa, kwa sababu ni mali ya Bwana Kasimiri, mwenye baa pale Msamvu mjini, aliyetuazima kwa ajili ya sherehe, na saa kumi na moja anataka kupoza bia. Asanteni kwa kunisikiliza.

(Eufrazia ameshaanza kushuka, Anselmi nyuma yake. Kwa miguu, mpaka misheni ni mwendo wa saa tatu.)