Vyote Vitano Ninavyo Nyumbani

Jumatatu, 4 Novemba 2024

Siku kubwa! Winfrida, muuguzi wa zahanati, mjane, mwenye shingo nzuri kuliko zote Nyamisangura, kaja dukani kwangu kutoa fotokopi. Karatasi moja, nakala sita. Nikatoa saba. Ya saba nikaikalia.

Alipoondoka nikaisoma. Mwandiko wake mwenyewe:

Njoo Unichukue Kabla ya Mvua.
Nimechoka Kupika kwa Ajili ya Mtu Mmoja.
Usimwambie Shangazi.
Baba Alijua Ila Alinyamaza.
Ng'ombe Wale Hawakuwa Wetu.

Miaka arobaini na tatu nimeingoja barua hii! Nakala sita ni za kuzuga tu. Alitaka niione. Mstari wa ng'ombe sikuuelewa sawasawa. Labda mahari ya marehemu ilikuwa na utata. Tutaongea.

Wingu limefunga upande wa Sirari. Hakuna muda wa kupoteza. Navaa suti.

Jumanne, 5 Novemba

Suti bado imelowa.

Jana nilifika kwa Winfrida na mwavuli. Mlango ukafunguliwa na shangazi yake, Mama Scholastica, yule yule nisiyetakiwa kumwambia. Nikampa shikamoo, nikafunga mdomo. Akauliza nimefuata nini. Nikajibu kwamba siwezi kusema. Akaniambia basi nikashindwe kusema nje ya geti. Mvua ikaanza, mwavuli ukagoma kufunguka.

Winfrida akatoka na mwiko mkononi. Nikamnong'oneza kwamba nimekuja kumchukua. Akauliza nampeleka wapi. Nikamwonyesha karatasi. Alicheka mpaka akakaa juu ya ndoo.

Ni vitabu! Majina ya vitabu! Ana kikundi cha akina mama, wanasoma pamoja Jumapili baada ya ibada. Hivyo vitano ndivyo wanavyovitamani na hawavipati. Sasa ni mwandishi gani anakipa kitabu jina refu namna hiyo? Kitabu kiitwe neno moja, mtu ajue kitabu ni kitabu!

Ningeaga tu, yakaisha. Badala yake mdomo ukasema wenyewe: nilikuwa natania, najua ni vitabu, vyote vitano ninavyo nyumbani.

Akaacha kucheka. Akaniangalia. "Kaka Sylvester, kumbe wewe ni msomaji!"

Hajawahi mtu kuniangalia vile. Hata mama yangu. Atakuja kuviazima Ijumaa.

Jumatano, 6 Novemba

Sokoni Tarime: vitabu vya shule tu. Nikapanda bodaboda hadi Sirari. Muuza vitabu ana Biblia na kalenda. Akanishauri nichukue kalenda.

Pale mpakani nikakutana na Okinyi, dereva wa lori, mtu wa Isebania, mwenye tumbo na kicheko. Mfukoni ana nakala ya karatasi ile ile! Kapewa na Winfrida. Anapeleka mzigo Kisumu, atauliza duka kwa duka. Akaniuliza, "Na wewe pia unatafuta hizo vitabu?" Nikamjibu kwa dharau kwamba mimi ninavyo tayari.

Akafurahi! Akasema Winfrida atapona roho. Mnafiki mkubwa. Mtu gani anafurahi mwenzake akimshinda?

Alhamisi, 7 Novemba

Wazo! Wazo la mtu mwenye akili! Watu huona nini kwanza kwenye kitabu? Jalada. Na nani Tarime nzima ana printa ya rangi, karatasi ngumu na gundi?

Nimefunga duka mchana kutwa. Nimekusanya vitabu vitano vya unene unaostahili: mwongozo wa kufuga nguruwe (wa dada yangu Bhoke, hajui), kitabu cha nyimbo za ibada cha Kijaluo, Baiolojia ya kidato cha pili, maelekezo ya kutengeneza pikipiki, na orodha ya simu ya zamani sana. Nimevivika majalada mapya. Majina ya waandishi siyajui, kwenye karatasi hayakuwepo. Nimeandika: Mwandishi Maarufu.

Kazi safi. Karibu nivisome mwenyewe.

Ijumaa, 8 Novemba

Amevichukua. Alivipokea kwa mikono miwili, akakinusa kimoja. Nilimwomba asivifungue mpaka Jumapili, ili wafaidi wote pamoja. Akasema nina moyo. Akanialika nije nisome ukurasa wa kwanza.

Nimenyoa ndevu. Nimefikiria ng'ombe wangapi.

Jumapili, 10 Novemba

Sitaki kuandika. Naandika.

Walikuwa akina mama sita, Mama Scholastica kwenye kiti cha mbele, na Okinyi mlangoni, katoka safari na vumbi lake. Winfrida akanikabidhi Nimechoka Kupika kwa Ajili ya Mtu Mmoja. Nikafungua, nikasoma kabla sijafikiri: "Nguruwe jike mwenye mimba apewe chakula mara mbili kwa siku."

Mtu akakohoa. Nikasema ni fumbo. Nguruwe ni mke aliyechoka. Mama Scholastica akaniomba niendelee na fumbo. Sentensi iliyofuata ilihusu minyoo.

Mama Zilpa, mwalimu mstaafu, akafungua Usimwambie Shangazi. Akatazama, akavaa miwani, akaanza kuimba. Kijaluo! Wawili wakaitikia. Wakaimba beti zote nne huku machozi ya kucheka yanawatoka.

Winfrida hakucheka. Hilo ndilo baya. Alinisindikiza mpaka getini, akasema taratibu, "Kaka, ungeniambia huna, tungevitafuta wote. Ningekwenda na wewe hata Mwanza."

Hata Mwanza! Safari nzima, viti viwili jirani! Nilisimama pale kama mti.

Nilipogeuka nikaona Okinyi anatoa kitu kwenye mfuko wa plastiki. Kapata kimoja tu, Njoo Unichukue Kabla ya Mvua. Kimeraruka, hakina hata jalada! Anaomba radhi eti hizo zingine bado anazitafuta. Winfrida akamkaribisha ndani kwa chai. Wakakisoma mpaka jioni. Nilisikia kutoka barabarani. Ni kizuri, kwa bahati mbaya.

Jumatatu, 11 Novemba

Nimelala, nimetafakari, nimejichunguza kama mtu mzima. Kosa langu nimeliona waziwazi.

Nilimchagua mwanamke anayesoma.

Bernadetha wa mgahawa hasomi hata menyu yake. Leo asubuhi nimemsikia akisema anatamani sana kupata kuku weupe wa kizungu, wale wakubwa, na kwamba mwanaume atakayemletea atakula bure maisha yake yote. Nimemwambia ninao wanne nyumbani.

Wangu ni wekundu. Duka la rangi linafunguliwa saa mbili.