Mimi, Fulana ya Sufu na Barafu ya Daktari

Jumatano, 12 Agosti

Kikao cha chama cha kijiji. Mwenyekiti Vangelis katangaza kwamba baada ya mbio za sikukuu ya Bikira Maria, jina la aliyewafaa zaidi wakimbiaji litachaguliwa kwa kura na kuchongwa kwenye jiwe la marumaru pale chemchemini. Hatimaye! Jiwe lile lina jina la baba yangu, la babu yangu, hata la yule mjinga aliyetoa benchi la miguu mitatu. Langu tu, Thrasivulos, halimo. Na miaka yote hii mkuu wa huduma ya kwanza ni mimi! Dawa yangu inajulikana: anayezidiwa na jua namlaza kivulini, namsugua tsipuro, pombe yetu kali ya zabibu, kifuani na miguuni, kisha nampa funda moja. Hajanifia mtu. Wala hajazidiwa mtu, lakini hilo si kosa langu.

Sasa kaja huyu Polikseni, daktari mpya wa zahanati. Kasichana! Eti mkimbiaji akiungua kwa joto la ndani, akaanza kuyumba na kupayuka, atumbukizwe mpaka shingoni kwenye maji ya barafu, papo hapo, kabla ya jambo lingine lolote. Eti pombe haisaidii kitu. Mtu katota jasho, umtie kwenye barafu! Kijiji hiki hatufungui hata madirisha mawili kwa pamoja, upepo usije ukamkata mtu mgongo. Nikacheka kwa sauti. Nikacheka peke yangu.

Wamempa beseni kubwa la kukanyagia zabibu. La mama mkwe wangu. Kalitoa mwenyewe, tena anatabasamu. Mimi hajanitabasamia tangu harusi.

Alhamisi, 13 Agosti

Barafu imefika, magunia kwa magunia, kutoka kwa wauza samaki wa mjini Kalamata. Daktari kaiweka kwenye friza ya mkahawa. Kutwa anaichungulia kama kuku na mayai yake.

Nimepata wazo! Bila barafu, beseni ni beseni tu. Nimemweleza shemeji Lambis, kaka wa mke wangu, mtu mwenye nguvu za punda na akili za huyo huyo punda. Kaniuliza, "Na mtu akizidiwa kweli, shemeji?" Nikamwambia tsipuro ipo. Akakuna kichwa. Kwa Lambis, hiyo ni ndiyo.

Ijumaa, 14 Agosti

Ushindi! Watu walipokuwa kanisani jioni, tulihamishia barafu kwenye friza ya mama mkwe. Magunia ya daktari tukayajaza mawe. Kikwazo kimoja tu: friza ilijaa mbuzi wa sikukuu. Tuko kwenye mfungo, hatuli nyama tangu mwezi uanze, nyumba nzima inamwota mbuzi yule. Nikamtoa, nikamlaza stoo, nikamfunika shuka.

Tatizo lingine. Wakimbiaji wa siku hizi hawaanguki! Wana kofia, wana chupa za maji mgongoni. Dawa yangu itamponya nani? Basi mgonjwa nitakuwa mimi. Nitakimbia na wenzangu kutoka monasteri, mbio zinakoanzia, nitaanguka uwanjani zinakoishia, mbele ya kijiji kizima, Lambis atanisugua, nitaruka juu mzima. Marumaru ni yangu.

Nilipojiandikisha, Polikseni kanisihi niache. "Kesho jua litakuwa kali, mzee wangu. Ukishikilia kukimbia, basi vaa nguo nyepesi, na ukichoka simama." Mzee wangu! Ananifundisha kuvaa! Nitavaa fulana ya sufu, kama alivyonilea mama, jasho lisikutane na upepo.

Jumamosi, 15 Agosti, asubuhi

Fulana tayari. Tsipuro nimeionja kuhakiki ubora. Nimehakiki mara ya pili. Paka wamemla mbuzi. Mama mkwe bado hajui. Naenda kukimbia.

Jumapili, 16 Agosti

Naandika hospitalini, Kalamata. Ukweli lazima uandikwe.

Nilipanga kwenda polepole. Kisha Zafiro, mwalimu mstaafu, akanipita huku anaongea na simu. Haivumiliki! Nikaongeza mwendo. Nikampita. Akanipita. Kuanzia kwenye mizeituni ya Vangelis sikumbuki tena.

Yaliyobaki kanisimulia Lambis. Niliingia uwanjani nikipepesuka. Nikamwita padri "mama". Nikauomba mti wa tini kura yake. Nikaanguka puu. Lambis akapiga makofi, akafungua chupa, akanisugua miguu. "Nilidhani unaigiza, shemeji. Nikasema, leo shemeji kaiva!" Kisha akaniona macho yalivyopinduka.

Daktari kanipima joto kwa kipimajoto, mahali ambapo sitapaandika. Mbele ya Vangelis! Kasema nachemka. Wakanitia kwenye beseni, wakafungua magunia. Mawe. Hapo Lambis akaangua kilio mbele ya kijiji kizima: "Iko kwa mama! Kwenye friza ya mama!" Msaliti mkubwa. Mama mkwe kaifuata mbio mwenyewe, karudi na barafu na swali kuhusu mbuzi.

Kibaya zaidi, gari la wagonjwa lilikuja, king'ora kinalia, kwa ajili yangu, na yule msichana akalizuia! Kaamuru nipozwe kwanza, kusafiri baadaye. Dereva akakaa kivulini anakula tikiti, daktari ananikorogea barafu kama anayekoroga supu. Lambis alinishikilia kichwa juu ya maji muda wote, machozi yake yananidondokea usoni. Analia nini? Nilizinduka, si nilizinduka? Nikauliza kama jina langu limeshachongwa.

Jumanne, 18 Agosti

Nyumbani. Daktari mkuu wa hospitali kasema ningechelewa kupozwa ningekuwa maiti, au mtu wa kulishwa kwa kijiko. Madaktari hulindana, nani asiyejua. Mimi natazama mpangilio wa mambo: kilichotangulia kunigusa ni tsipuro! Barafu ilikuta kazi imekwisha.

Marumaru wamempa Polikseni. Nilipita leo, fundi alikuwa akipuliza vumbi kwenye jina lake. Liliniuma. Nilikaa kwenye lile benchi la miguu mitatu, likanimwaga.

Ila mama mkwe kaandika kwenye beseni, kwa rangi nyekundu: HUMU ALILOWEKWA THRASIVULOS, ZABIBU ZISIKANYAGWE TENA. Herufi kubwa ajabu! Linakaa uwanjani, kila mpita njia anasimama kulisoma, wengine wanapiga picha. Mke wangu anasema hiyo si heshima. Wivu.

Mwakani nitavaa fulana mbili. Na barafu nitaificha peke yangu, mahali asipopajua Lambis wala mtu mwingine yeyote.