Reli ya Ghorofa Tatu

Jumatatu, 4 Machi
Nimepata treni. Nyumba tunayobomoa, mwenyewe alisema vilivyobaki stoo tugawane. Wenzangu waligombea masinki. Mimi nikaondoka na sanduku: kichwa cha treni kirefu kama kiganja changu, mabehewa manane, reli tele, na jarida la picha. Maandishi sikuyaelewa, shule niliiachia darasa la tano. Picha haihitaji shule. Humo pichani reli imezunguka chumba kizima, ghorofa tatu, na treni inapanda yenyewe kutoka chini hadi juu. Niliitazama mpaka chai ikapoa.

Nilikuja mji huu kwa treni, miaka tisa iliyopita, siku mbili njiani. Sikuiona. Nilikuwa ndani yake.

Mke wangu anakuja tarehe 16. Kwenye simu amesema anataka kuona kama ana nafasi kwangu, la sivyo abaki kwao moja kwa moja. Nimemjibu chumba ni kikubwa. Atakuta maajabu.

Jumatano, 6 Machi
Mpango nimeuchora ukutani kwa mkaa. Ghorofa ya chini usawa wa goti, ya pili kiuno, ya tatu kifua. Usawa nimeupima kwa mpira wa maji, maji yasimame sawa ncha zote mbili, kama tunavyopima msingi kazini. Jirani yangu, fundi umeme, akachungulia. Akauliza treni itapandaje. Nikamwambia mimi ndiye mjenzi wa njia za toroli pale kazini, na panapopita toroli la zege, treni nayo itapita. Akasema toroli linasukumwa na mtu anayeogopa kufukuzwa kazi, treni inaogopa nini. Ana wivu.

Ijumaa, 8 Machi
Haikupanda. Ilifika robo ya njia, magurudumu yakazunguka papo hapo, kisha ikarudi kinyumenyume na kutumbukia kwenye ndoo, mabehewa yote manane. Fundi umeme alikuwepo. Hakucheka. Alikohoa muda mrefu. Baadaye akasema kila hatua moja ya mtu, reli ipande unene wa kidole tu, si zaidi. Nikapiga hesabu. Kutoka goti hadi kiuno lazima nizunguke chumba mara mbili. Kutoka kiuno hadi kifua, mara mbili tena. Njia itapanda ukutani kama uzi wa skrubu. Nilikaa chini kidogo. Kitu kikubwa namna hiyo, chumbani kwangu.

Mbao sina.

Jumapili, 10 Machi
Mbao ninazo. Kitanda nimekipasua. Mama mwenye nyumba alisikia msumeno, akaja kuuliza kuna nini. Nikasema nakarabati kitanda. Akaitazama ile miguu minne imelala sakafuni, akasema pole sana baba, kimefariki lini.

Alhamisi, 14 Machi
Imepanda.

Fundi umeme aliunganisha nyaya, nikabonyeza mimi. Mlangoni tumeweka vibao vya kunyanyua ili mtu apite. Treni ikaondoka polepole, ikazunguka, ikapita juu ya sufuria zangu, ikapita dirishani. Niliweka shavu kwenye ubao, jicho usawa wa reli. Ikaja. Kutoka pale chini ilikuwa kubwa kweli, nzito, inatetemesha mbao mpaka kwenye meno yangu. Miaka tisa nabeba mawe ya nyumba za watu, sijawahi kutengeneza kitu kikanipita namna hiyo. Fundi umeme alishusha bisibisi. Kisha akasema haya bwana, umeshinda. Sikuwa hata na hamu ya kumtambia.

Jumamosi, 16 Machi
Jana vibao vya mlangoni vilitikisika, behewa la mwisho likaanguka. Asubuhi nikavipigilia misumari ya zege, vyote vitano. Safi kabisa. Mke wangu akabisha hodi. Mlango unafungukia ndani.

Akasukuma. Nikamwambia asisukume. Akauliza nina nani humu. Nikamwambia aje dirishani. Akaja, begi kichwani, akanikuta nimesimama katikati ya reli kama mbuzi zizini. Nikabonyeza.

Alishusha begi. Akashika nondo za dirisha, akaifuata treni kwa macho mizunguko yote. Ilipofika juu akasema taratibu, mume wangu, hii umeifanya wewe? Nikasema ndiyo. Akaomba irudie. Ikarudia. Mama mwenye nyumba na fundi umeme nao walikuja kubana dirishani.

Kisha akauliza kitanda kiko wapi. Nikamwonyesha: kipande kile ni ubavu wake, daraja lile ni kichwani. Akaitazama treni ikipita juu ya kitanda chetu. Akasema nimeona. Akabeba begi, akasema atalala kwa mama mwenye nyumba.

Mimi nimetoka saa tisa alasiri, baada ya fundi umeme kukata nondo mbili.

Jumapili, 17 Machi
Nimemsindikiza stendi. Hakugomba. Alisema hajaona kitu kizuri kama kile maishani mwake, na kwamba ndani yake hakuona pa kukaa mtu. Ananipa mwezi mmoja. Akirudi akute kitanda, na mlango unafunguka. Akikosa, harudi tena. Nikamwapia. Basi lilipoondoka macho yalinilowa, siwezi kuficha.

Nimerudi nikapitia dirishani, nikapima upya kwa mpira wa maji. Mwezi mzima! Mtu akifanya kazi bila kupumzika, unatosha kabisa ghorofa ya nne.