Koti la Mashine ya Bwana Andrew

Jumatatu, 1 Machi 1954

Nipo kwetu Mbwawa. Mawingu yanajikusanya upande wa Kisarawe. Paa la dada yangu Mwanne linavuja pale pale juu ya kitanda. Turubai alilolitandaza juu ya makuti ndilo linalomwokoa yeye na watoto. Mumewe Mungu amemchukua, kaka mtu ni mimi. Kwa hiyo nimefikiri sana leo. Nimefikiri mpaka uji ukapoa.

Njia ikajileta yenyewe. Nilikuwa kule Sofu, dukani kwa Bwana Andrew, nikisimulia nilivyoendesha boti ya mashine kule Burma wakati wa vita. Mkono mmoja usukani, mkono mwingine nakula wali, mamba wanne wananifuata nyuma. (Usukani alishika mtu mwingine. Lakini wali niliupika mimi, na boti haiendi kwa watu wenye njaa.) Bwana Andrew akasikiliza mpaka mwisho. Akasema yeye naye kanunua mashine ya kufunga nyuma ya boti, apitishe mpunga mto Ruvu. Imekaa bandani ukingoni, na banda halina kuta. Anataka koti la turubai la kuivika kabla ya masika, likae sawasawa, lisipwaye wala lisibane. Akauliza kama namjua fundi. Nikamjibu anaongea naye.

Malipo ni bati jipya, likatwe urefu nitakaoutaja mwenyewe. Nimeshaliona juu ya kitanda cha Mwanne.

Turubai la kushonea nitalipata wapi? Hilo la kesho.

Jumanne, 2 Machi

Turubai nimelipata. Lipo juu ya paa la Mwanne.

Hakupenda. Amesema namvua kanga ili nikamtafutie gauni, na huku anapita njiani uchi. Akauliza je, mvua ikitangulia kabla ya bati? Nikamwambia masika mimi nayajua, hayaanzi kabla ya katikati ya mwezi, mimi na mvua ile tunaelewana tangu zamani. Akasema sawa kaka, mnaelewana, ila kitanda ni changu. Mwisho akakubali. Kwanza mimi ni mkubwa wake. Pili nilikuwa nimeshapanda juu.

Nimeshuka na turubai. Nimeshuka na makuti kidogo pia, na sikupita njia niliyopandia. Tundu limeongezeka. Si neno, bati ni refu.

Tumepatana nipime mimi, ashone yeye. Ana sindano ya magunia na mkono wake hauna mfano. Hilo sikumwambia Bwana Andrew. Kichwa cha kazi ni vipimo.

Jumatano, 3 Machi

Ruvu. Mlinzi wa banda ni Mihayo, Mnyamwezi wa Tabora, mfupi kama kinu. Mimi Mzaramo, kwa hiyo ni mtani wangu. Kuniona tu akauliza kama nimekuja kujisalimisha kwa bwana wangu. Nikamwambia nimekuja kumpima kaburi, nashukuru Mungu halitakula ardhi kubwa. Baada ya kusalimiana vizuri namna hiyo tukaingia bandani.

Mashine ziko mbili. Bwana Andrew hakusema mbili. Alisema tu nisome jina na namba kwenye kibati chake nihakikishe kuwa ndiyo. Kusoma najua. Darasa la pili niliondoka kwa hiari yangu. Lakini kibati kimeandikwa Kizungu, kimejaa mafuta, tena jua lilikuwa machoni. Nikatumia akili. Moja ndogo, kijani, inang'aa kama chombo cha bibi harusi. Ya pili kubwa, nyeusi, ina kutu ya heshima. Nikamweleza Mihayo kwamba mtu mkubwa hununua kitu kikubwa, kwa hiyo ya Bwana ni hii nyeusi.

Mihayo alinitazama kidogo. Kisha akasema ndiyo kabisa. Akasema macho kama yangu hajayaona tangu atoke kwao. Akanishikia hata zile panga za chini zinazokata maji, nipate kupima vizuri. Sikujua kama Mnyamwezi huyu ana adabu.

Nimepima kwa dhiraa, kiwiko mpaka ncha ya kidole, kama baba alivyokuwa akipima kitambaa cha bafta. Urefu dhiraa mbili na shibiri. Kuzunguka kichwa, dhiraa tatu. Nikamsimulia Mihayo habari za Burma na wale mamba saba. Akasema wangekuwa wanane kama mmoja asingeogopa maneno yangu.

Alhamisi, 4 Machi

Nimemtajia Mwanne vipimo. Akapima turubai kwa mkono wake, akakata. Mwanne amerithi mikono ya mama, mifupi, minene. Mimi nimerithi ya baba, hata mzigo wa juu ya dari naufikia nimekaa.

Kikabaki kipande kizuri cha turubai. Mwanne akashangaa, alidhani halitatosha. Nikamwambia ndiyo faida ya kupimiwa na mtu aliyetembea dunia. Nilitaka kipande kile nijishonee kofia ya nahodha. Akakikunja, akakikalia.

Nikamweleza jinsi Mihayo alivyonisifu. Akaiacha sindano hewani, akasema mtani akikusifu, jitazame nguo nyuma. Wanawake hawaelewi urafiki wa wanaume.

Jumamosi, 6 Machi

Siku mbaya.

Nimepita Sofu kumwarifu Bwana Andrew koti li tayari. Nikasema mashine yake ni dume hasa, nyeusi ile, hata kuizunguka unachoka. Akacheka. Akasema nyeusi ni mzoga, alipewa bure ya kung'olea vipuri, haijanguruma tangu vita. Yake ni ile ya kijani.

Nikasema bila shaka, ya kijani, ndiyo niliyoipima. Akasema vizuri, kesho akitoka kanisani atakuja Ruvu aone mwenyewe. Lisipokaa, bati litamngoja Mwishehe, fundi wa Kisarawe mwenye cherehani.

Njiani mvua ikanikuta. Masika, kabla ya wakati wake. Sina la kusema kwa mvua ile, imenivunjia ahadi mbele ya watu. Nikamkuta Mwanne kaegemeza kitanda ukutani, sufuria chini ya tundu, kile kipande cha turubai kamfunikia mtoto wa mwisho. Hakunigombeza. Angenigombeza ningepumua. Nimewahamishia kwangu. Wapwa zangu wanalala kitandani, mimi nimelala kwenye mkeka karibu na mbuzi.

Mmoja akaniomba nimsimulie mamba. Nimemwambia walikuwa wawili tu, wadogo.

Jumapili, 7 Machi

Nimekwenda Ruvu na koti begani kama maiti. Njia nzima nilikuwa natunga maneno. Nikapata haya: chuma husinyaa kwa baridi ya mvua, mashine aliyoinunua Bwana ilikuwa kubwa, imenywea. Si maneno mabaya.

Mihayo alikuwa ameshawaita wavuvi wawili waje kutazama. Ameketi juu ya gogo, meno yote nje. Bwana Andrew akaja na suti yake ya kanisani, akasema haya, mvishe.

Nikafumba macho, nikaivisha ile ya kijani.

Koti likakaa. Halikupwaya, halikubana, lilikaa kama ganda la embe. Mwanne alikuwa ameacha hata kitundu cha mkono wa kuongozea, na kikaangukia mahali pake. Bwana Andrew akalizunguka mara mbili, akasema Mwishehe mwenyewe asingeweza. Akauliza nilipima vipi. Nikasema kwa jicho, Bwana, na kwa mazoea ya majini.

Mihayo meno yakarudi ndani. Akaangalia mashine, akaangalia koti, akaangalia mikono yangu. Nikamvua kofia yake kichwani kwa haki ya utani na sasa ninayo. Inanibana.

Jumatatu, 8 Machi

Nimepima tundu la Mwanne. Dhiraa tano kamili. Bwana Andrew amemwagiza Mihayo akate bati, mkasi wa bati anao yeye. Nikampelekea hesabu. Mihayo, bila utani wowote, akaniomba nikae nimpimie kwa mkono wangu mwenyewe. Nikakataa. Nimeshatoa hesabu, na dhiraa tano ni dhiraa tano, hata Tabora. Tena nilikuwa na haraka ya kuwasimulia wavuvi habari za mamba tisa.

Akaapa mbele yao kwamba atakata kama nilivyosema. Akaegemeza kile kimkono chake kwenye bati, akaanza kuhesabu. Sikungoja.

Jumanne, 9 Machi

Bati limefika, nimepanda, nimelipigilia. Halikufika mwisho. Limebakiza pengo la kupitisha kuku mzima, na mvua ikapita hapo hapo.

Mwanne akatoka na kile kipande cha turubai. Tukakitandaza, kikaziba pengo lote, na upande mmoja kikazidi. Chini pakakauka. Akacheka mpaka akakaa chini, watoto nao. Leo wamerudi kulala kwao. Nyumba yangu imekuwa kubwa ghafla.

Kuhusu bati sina wasiwasi. Ni mambo ya kisayansi, chuma husinyaa kwa baridi ya mvua.

Sifa zangu zimefika mbali. Bartolomeo, mwalimu wa misheni, ametuma mtu: anataka koti la kinanda cha kanisa kabla panya hawajakimaliza. Mwanne atashona. Amenipa kamba, akasema kaka, safari hii upime kwa hiyo, unifungie mafundo, uniletee kamba yenyewe. Kamba nzuri sana. Nimemfungia mbuzi.

Nimesikia kanisani kuna vinanda viwili. Nimeuliza kikubwa ni kipi.