Umeme wa Shemeji Roda

Jumatatu, 7 Julai 2008
Sabasaba. Taifa zima limepumzika, na kompresa yangu nayo. Nimewasha: mmmmm. Haizunguki. Swichi kubwa ya saluni ya mke wangu, ninakovuta umeme, ikakata, pwa! Nikawasha tena. Mmmmm. Pwa! Gasper, fundi matairi wa ng'ambo ya barabara, mwenye kompresa ya petroli na mdomo usiohitaji petroli, akauliza kwa sauti ya mnada kama nimeanza kufuga nyuki.

Si jambo la kuchekesha. Jumamosi anakuja Balthazar wa kijiji cha Mpemba, mwenye malori, kuchagua kibanda kimoja cha kuhudumia matairi yake yote. Changu au cha Gasper. Nikiikosa kazi hiyo narudi kuuza nyanya, na nyanya hazijawahi kunipenda.

Jumanne, 8 Julai
Ugonjwa nimeugundua. Umeme umechoka! Unatoka mbali, unapanda milima yote ya Mbeya, ukifika Tunduma unatafuta pa kukaa. Nikamweleza mke wangu Nesta. Akasema mbona draya yake ya saluni inavuma vizuri tu. Akasema pia kwamba waya wangu, unaotoka saluni kwake, ukapita uani mpaka kibandani kwangu barabarani, ni mwembamba kama uzi wa kusukia rasta, na umeme unaishia njiani. Nimemsikiliza kwa heshima. Mambo ya nywele anayajua sana.

Mchana nikachomoa draya kimya kimya, ili umeme wote uje kwangu. Mmmmm. Pwa! Kumbe mama mchungaji alikuwa chini ya draya. Katoka na nywele nusu kavu, nusu mbichi. Ameniombea, ila si kwa upole.

Alhamisi, 10 Julai
Nimevuka mpaka hadi Nakonde, Zambia, nikanunua kapasita mpya, kile kikopo kinachoisukuma mota ianze kuzunguka. Nimeifunga mwenyewe. Maendeleo makubwa! Sasa inaimba besi. Haizunguki. Gasper akasema nyuki wamebalehe.

Jioni, nikiwa msalani, jibu likanijia. Shemeji Roda! Dada yake Nesta, ameolewa Nakonde. Nyumba yake iko nyuma ya yetu, katikati ni uchochoro tu, na uchochoro huo ndio mpaka wa nchi mbili. Umeme wake ni wa Zambia. Haujachoshwa na mlima wowote wa Mbeya.

Ijumaa, 11 Julai
Roda alianza na hapana ya kwao Nakonde: awe, awe, shemeji, utatuunguza na watoto. Nikaahidi kuziba pancha za baiskeli ya mumewe mpaka mmoja wetu afe. Akalainika. Nimeunga waya wangu na vipande vingine, vyembamba zaidi, nikavivusha juu ya uchochoro. Gasper akataka kujua kama umeme umelipiwa ushuru.

Mara akatokea mtu mwenye sare. Akauliza waya huu unakwenda wapi. Nikasema ni kamba ya nguo. Roda, mwanamke mwaminifu kwa ukoo, akatoka mbio akaanika vitenge viwili vinavyochuruzika maji. Mwenye sare akavitazama, akanitazama, akaenda zake.

Nikawasha. Mm. Basi. Hata swichi haikujisumbua kukata. Gasper akavuka barabara kunipa pole: nyuki wamehama.

Jumamosi, 12 Julai
Balthazar kafika na lori, tairi la nyuma limelala kabisa. Mimi niko uchochoroni naubembeleza waya. Kurudi kibandani, kompresa hakuna! Wezi! Nikashika kichwa. Kisha nikasikia: tratratratra! Inatoka saluni.

Nesta na wateja wake walikuwa wameisukuma mpaka ndani, wakaichomeka kwenye soketi iliyo chini ya mita ya umeme, bila waya wangu. Inazunguka kama ina wazimu. Akachukua mpira wangu wa upepo, akauunga na mwingine wa Gasper, ambaye aliuazimisha akidhani ni wa kusuuzia nywele. Mpira ukapita dirishani, ukakata ua, ukafika kwenye tairi. Eti upepo hauchoki njiani kama umeme. Tairi likasimama. Mama mchungaji, amekuja kumalizia ile nusu ya kichwa, akapiga vigelegele.

Balthazar alicheka mpaka akakaa kwenye kiti cha kusukia. Kazi tumepata! Gasper ameomba mpira wake. Namba ya simu aliyoichukua Balthazar ni ya Nesta.

Jumapili, 13 Julai
Mahubiri yalikuwa marefu, nikapata nafasi ya kufikiri. Kwa nini kompresa ilikubali jana? Ni wazi! Ijumaa ilishinda imechomekwa kwa Roda. Umeme wa Zambia uliingia taratibu, ukalala ndani ya mota, jana ukaamka. Nesta anajisifia soketi yake. Nimemwacha, nyumba ni amani.

Lakini mwanamume hawezi kujaza upepo katikati ya rola za nywele. Kesho narudisha kompresa kibandani. Roda amesema vitenge vimekauka, waya bado upo. Nimeurefusha kidogo, ili ufike na kwenye draya.