Sindano za Kaka Yangu Pacha

Jumatatu, 3 Machi
Kaka yangu pacha amefunga vifungo vya shati mwenyewe. Vyote! Mbele ya Mama, polepole, kama mtu wa mazingaombwe. Ugonjwa mmoja, baridi yabisi. Sindano moja kila Jumatano, tumeanza siku moja. Miezi mitatu tu, yeye anatembea kama bwana harusi. Mimi dada mtu, fundi cherehani, hata mkasi sishiki. Yeye, mwalimu, anashika chaki! Hapa pana mkono wa mtu. Namshuku muuguzi wa kliniki anayetugawia dawa. Anamwita kaka "shemeji".

Jumanne, 4 Machi
Nimechunguza friji ya Mama. Boksi la kaka rafu ya juu, langu chini. Kikulacho ki nguoni mwako! Nikabandua karatasi za majina, nikazibadilisha. Mama akauliza kichwa changu kinatafuta nini ndani ya friji. Nikasema limau. Akalitoa, akanikatia, akasimama hadi nikalimaliza.

Jumatano, 19 Machi
Sindano ya tatu ya "dawa yake". Magoti yamefura. Kaka, kwa "dawa yangu", anaruka ngazi mbili mbili na mluzi juu. Sare thelathini za kwaya zimelala bila mikono. Kiongozi wa kwaya amesema ikifika Jumamosi hazijaisha, kazi inahamia kwa fundi wa jirani. Nimelia. Si kwa ajili ya sare peke yake. Nimeogopa vidole vyangu ndiyo basi tena.

Alhamisi, 20 Machi
Kliniki, na maboksi yote mawili mkobani. Daktari mpya, mama mtu mzima asiyecheka ovyo. Nikamwaga yote, friji na limau. Akanigombeza kwa kuchezea dawa, kisha akanionyesha namba kwenye maboksi. Zote sawa, dawa ni ileile. Muuguzi akaapa kwamba anamwita kila mwanamume shemeji, majina yanamshinda. Aibu!

Daktari akasema wanawake wengi hawapati nafuu kwa dawa hizi kama wanaume, na sababu zote bado hazijulikani. Akafungua mafaili yetu. Mimi na kaka tulilalamikia maumivu yaleyale. Katika lake daktari wa zamani aliandika: apigwe picha. Katika langu: ana wasiwasi, apumzike.

"Ulisema, hatukusikia," akasema. "Samahani, mwanangu."

Akanibadilishia dawa. Kaka alikuwa mlangoni, amesikia. Hakutania. Akanibebea mkoba hadi nyumbani.

Ijumaa, 9 Mei
Nimekata kitambaa tangu asubuhi! Mkasi unaniitikia. Kwaya ilinisubiri; kumbe kaka alikwenda kuwaomba. Leo amenishangilia, amenikumbatia, machozi yamemlenga.

Furaha gani hiyo ya kupita kiasi? Na hajauliza hata jina la dawa yangu mpya. Mtu asiyeuliza anajua. Kesho namfuata shuleni kwake. Nimeshajishonea baibui la kujifichia, lenye mfuko wa darubini.